Gavana Aliyebebwa Hadi Chole

Asubuhi ile Naila alikuwa anapiga deki darasa lao la Kidato cha Tatu, shuleni kwao Kwa Mathias, Mwalimu Castory wa historia alipomwita kwa kidole. Naila ni wa wale ambao jina likiitwa asubuhi, wenzao ndio wanawaitikia. Lakini insha yake juu ya gavana wa zamani, Sir Lionel Farkwa, ndiyo ilishinda, na Ijumaa alitakiwa kuisoma mbele ya mgeni kutoka Uingereza, mjukuu wa gavana huyo.

"Umeandika vizuri," mwalimu alisema. "Mtoto wa lodi wa Kiingereza, jumba la vyumba sitini, jeshi, ugavana, vyote vimo. Ila nilikuongezea 'aliizunguka Kisarawe yote kwa miguu.' Umefuta. Kwa nini?"

"Alibebwa, mwalimu." Sauti kama ya mbu.

"Nani kakwambia?"

Ni bibi yake wa Chole, hukohuko Kisarawe, Bibi Biubwa. Baba yake bibi, mzee Maneno, alikuwa mmoja wa wanaume waliombeba gavana kwenye machela, wavu uliofungwa kwenye mti mrefu. Wakijikwaa tu, mzungu anafoka, "Polepole!" Wakambandika jina, Bwana Polepole. Miaka ikapita, habari ikaja kwamba kafa kwao. Wapagazi wakasema, maiti haiendi bila watani wa kuitania, na huyu huku hana watu zaidi ya mabega yetu. Wakamwekea matanga. Mzee Maneno akajitwika kikapu kama kofia ya gavana, akajilaza kwenye machela, akazungushwa kijiji kizima akipiga kelele, "Polepole, nyie! Hata kaburini mnanikimbiza?" Watu wakacheka mpaka machozi. Mkuu wa wilaya wa Kizungu akaona ni dharau. Mzee Maneno alichapwa viboko kumi na viwili.

"Na hayo matanga uliyoandika nayo toa," mwalimu alisema. "Mgeni hajui utani."

"Si tumfundishe?"

Wilbrod, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa anafuta ubao, akaguna. "Duh! Leo bubu kasema!"

Mwalimu hakucheka. "Saa kumi na mbili jioni nitumie insha iliyorekebishwa. La sivyo, anasoma Wilbrod."

Jioni Naila akaazima simu ya mama yake. Mama alishaomba ruhusa kazini ili Ijumaa aje kumsikiliza. Naila akaiandika ile sentensi ya mwalimu, akaitazama weee. Akaifuta. Akaandika:

"Shikamoo mwalimu. Insha ni ileile. Gavana alibebwa, na babu yetu alichapwa kwa kumfanyia msiba kama ndugu. Kama anasoma Wilbrod, asome hiyohiyo. Ya kwa miguu mimi siandiki."

Akatuma. Tiki mbili zikageuka bluu. Juu pakatokea kwamba mwalimu anaandika, kisha pakatulia. Saa kumi na mbili ikapita. Saa mbili usiku mama akadai simu yake. Jibu lilikuwa halijaja; Naila akamrudishia, akamwambia Ijumaa aje tu, insha ni ileile, asome yeye au Wilbrod.