Mstari wa Mahindi ya Njano

Dada yake Walburga alikuja kumsalimia kutoka ng'ambo ya mto Ruvuma, akamletea mfuko wa mahindi ya msaada, ya njano. Kwa desturi, nafaka ya zawadi hailiwi yote. Unachota konzi moja, unaipanda, ili mkono uliotoa usisahauliwe. Walburga akayapa mahindi ya dada mstari mmoja, katikati ya mahindi yake meupe. Kosa lenyewe ndilo hilo, na Madaba nzima hakuna ambaye asingelifanya.

Yale meupe yalikuwa mbegu ya marehemu mama yake, iliyotundikwa jikoni juu ya moshi mwaka hadi mwaka, hata baada ya biashara kuachiwa huria na maduka ya mbegu kujaa Songea mjini. Lidwina, kitindamimba wake, angeolewa baada ya mavuno, na binti haondoki kwao bila mbegu ya mama.

Mahindi yalipofika kiunoni, likasomwa tangazo baada ya misa: mahindi ya msaada huenda yamebadilishwa vinasaba, yasipandwe, aliyepanda atoe taarifa. Walburga hakupata usingizi. Kesho yake akadandia lori hadi Songea, akamkuta bwana shamba Aidan ofisini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Nimepanda mstari mmoja. Niung'oe?" Akafungua fundo la khanga, akamwonyesha punje zilizobaki.

Aidan akazichukua haraka. "Usiuguse kabisa! Hizi zinakwenda Dar es Salaam kupimwa. Ukiung'oa, watasema umeficha ushahidi."

"Nikae hivyo mpaka lini?"

"Sheria yenyewe bado inaandikwa, mama. Subiri barua."

Barua ya wapi! Serikali inaweza kusubiri, mahindi hayawezi. Kila asubuhi Walburga alikwenda shambani, akirusha vumbi hewani aone upepo unaelekea wapi. Siku alipokuta mbelewele za ule mstari, maua ya kileleni ambayo unga wake hupeperuka na kuchanganya mbegu, zimeanza kufunguka, alisimama na mundu mkononi, akiwaza jela, akimwaza Lidwina. Mwishowe akakata mbelewele tu, mashina akayaacha.

"Nimekatazwa kuung'oa," alijisemea kwa hofu. "Sijaung'oa."

Aliporudi nyumbani, mabega yake yalikuwa yamejaa unga wa maua.

Aidan alikuja wakati wa mavuno, macho chini. Punje zilikuwa zimeota ukungu njiani, hazikupimika.

"Labda yalikuwa mahindi ya kawaida tu, mama. Hatutajua."

"Na mbegu yangu je?"

"Hakuna aliyeikataza. Wala hakuna aliyeiruhusu."

Jioni hiyo Walburga na Lidwina walikaa jikoni kumenya mahindi ya mbegu. Hindi jeupe, jingine jeupe, na jingine. Walburga akaanza kupumua. Kisha Lidwina akamnyoshea mama yake hindi moja. Katikati ya weupe zilikaa punje tatu za njano.

"Si tuzidonoe tu, mama?"

"Hizi tumeziona, mwanangu. Zile tusizoziona je?"

Alilia waziwazi, bila kujificha. Asubuhi akapeleka mashineni mahindi yote, pamoja na yale mapya yaliyokwisha kutundikwa juu ya moshi, kwani mbegu ya mwaka jana alikuwa ameipanda yote.

Siku ya harusi ugali ulitosha kila mtu, na wageni wakamsifu mama wa bibi harusi kwa utamu wake. Walburga akaitikia ahsante. Lidwina aliondoka na pakiti ya mbegu za dukani mapajani, ameishika kama kitu cha kuazima.