Kijiko cha Shubiri

Shemeji yangu ana tabia ya kulamba kijiko cha chai na kukirudisha kwenye bakuli la sukari. Nilimvumilia hilo miaka yote aliyokaa na dada yangu, kwa sababu ni mtu mwenye heshima zake: mhadhiri wa saikolojia, shati jeupe, sauti ya upole, na kwa mama yetu hapiti bila kuinama kidogo na kumpokea mkoba. Mama alikuwa akimsifu kwa majirani mpaka masikio yanatuuma. Leo nikizikumbuka zile sifa, nyongo inanipanda.

Mama ni mjane, ana magoti mabovu, na kila siku huyachua kwa mafuta ya karafuu. Ukiingia chumba alichokaa utajua tu alikuwepo. Tangu dada ajifungue, mama alikuwa akienda kwao kila mwisho wa wiki kumlea mjukuu wake, mtoto wa kike wa miaka mitatu ambaye kwa maneno yake yasiyoisha tulimbandika jina la Chiriku. Chiriku hakuwa analala bila kumshika bibi yake sikio. Siku ya mama kuondoka ilikuwa vurugu: mtoto analia, anagaragara sakafuni, na shemeji amesimama mlangoni akitabasamu, funguo za gari mkononi.

Halafu mambo yakageuka. Chiriku alianza kukunja uso bibi yake akiingia. Baadaye akawa anajificha nyuma ya kochi. Jumamosi moja mama alimnyanyua hivyo hivyo, akidhani ni utani, na mtoto akamtapikia kifuani. Mama alimweka chini taratibu. Alikwenda bafuni akajisugua kwa sabuni ya kufulia mpaka mikono ikachubuka, akarudi, na mtoto akaziba mdomo na kukimbia tena.

Wiki iliyofuata aliniambia anahamia kwa kaka yetu mkubwa, mbali, safari ya kutwa nzima kwa basi. Ijumaa anaondoka. Nilimbembeleza weee, wapi. Alisema uzee unanuka na watoto hawajui kudanganya. Aliyasema hayo bila kulia, akikunja nguo zake, na mimi niliona uchungu hata wa kumtazama. Mama yangu alikuwa anauonea kinyaa mwili wake mwenyewe.

Nasomea uuguzi, na mwaka wa kwanza ni lazima kuchukua somo la utangulizi wa saikolojia. Mwalimu ndiye shemeji. Darasani nilikuwa nakaa nyuma na kumwita mwalimu kama wenzangu, na kusema kweli anafundisha vizuri, anaeleweka.

Jumatano ya wiki hiyo somo lilikuwa kujifunza kwa kuhusisha. Alianza na yule mbwa anayejulikana na kila mtu, wa kengele na chakula. Chakula ni kichocheo cha asili, na mate ndiyo mwitikio wake. Piga kengele kila unapoleta chakula, na siku moja utapiga kengele tupu mate yatoke. Tuliandika. Kisha akafunga kompyuta yake, akakaa juu ya meza, akasema mbwa wametuchosha, ngoja atupe mfano wa nyumbani.

Yupo mtoto, akasema, amemganda kikongwe mmoja wa ukoo. Nyumba yenyewe finyu, na mtoto hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Kikongwe ana harufu yake, mafuta fulani anayojipaka. Basi mtu anachukua kitambaa, anakipaka mafuta yale yale, anamnusisha mtoto, na hapo hapo anamlisha kijiko cha shubiri. Anarudia siku za katikati ya wiki, kikongwe akiwa hayupo. Shubiri ni kichocheo cha asili, kichefuchefu ni mwitikio. Muda si mrefu shubiri haihitajiki tena. Harufu peke yake inatosha, na mtoto anamkimbia kikongwe bila kuambiwa.

Darasa lilicheka, ingawa wengine waliguna. Msichana mmoja wa mstari wa mbele alinyoosha mkono akauliza kuhusu ridhaa, maana tulikwisha kufundishwa kwamba mtu hafanyiwi jaribio bila kukubali. Shemeji alijibu kwamba mama zetu walijipaka shubiri kwenye titi ili kutuachisha ziwa, na hakuna aliyetuomba kibali.

"Na ridhaa ya mzazi ipo," akaongeza. "Ameitoa baba."

Alikuwa akitabasamu lile tabasamu la mlangoni. Nilichukua mkoba wangu, nikatoka, nikatema mate kwenye maua ya chuo mbele ya mtunza bustani. Nilijiuliza kama alisahau kwamba nimo darasani. Baadaye nilitambua kuwa hakusahau. Hakuona tu kama kuna cha kuficha.

Nilimfuata ofisini kwake. Alikuwa anakula chungwa juu ya karatasi za mitihani, mbegu anazitemea kwenye kikombe alichonywea chai. Hakushtuka. Alinikaribisha kiti na kunieleza kama anavyomweleza mwanafunzi aliyefeli. Mama anakaa mno. Sebule imekuwa chumba chake, karafuu imekolea mpaka kwenye mito ya makochi, na mtoto anamwona baba yake mgeni. Lakini mkwe ni mkwe. Angemwambia nini mtu mzima yule? Angemfukuza kwa mdomo upi?

"Mimi sijamvunjia mama adabu hata siku moja," aliniambia, akijifuta vidole kimoja kimoja. "Umewahi kunisikia nikimjibu?"

Hapo ndipo nilipomchukia kabisa. Kumwambia mkwe wake neno moja la kweli aliona haya. Kumlisha mwanawe uchungu ili mtoto amfukuzie mgeni wake, hilo halikumtia haya hata kidogo, na bado alijiona mstaarabu. Alisema hakuna aliyeumia. Tena, alisema, kilichofungwa kinafunguliwa: siku yoyote akitaka anaweka asali mahali pa shubiri, na mtoto anarudi kama zamani. Nikamwambia basi akifungue Ijumaa, mbele ya mama, na aeleze kwa mdomo wake alichofanya. Alifikiri kidogo, akatafuna kipande cha chungwa, akakubali. Nadhani alipenda kupata mahali pa kuonyesha utaalamu wake.

Jioni ile ile nilimwambia dada. Yeye kila aliposikia mumewe akimwita mtoto malkia na kumlisha kile kijiko, alijua ni dawa ya minyoo. Alikwenda kwenye kabati la bafuni, akapekua nyuma ya sabuni, akatoka na kitambaa ndani ya mfuko wa plastiki. Alikinusa. Alikitupa kwenye pipa la taka, kisha akakitoa tena na kukirudisha alipokikuta, akasema anataka mumewe akichukue yeye mwenyewe.

Ijumaa mama alipita kwa dada kuaga, akakaa kwenye kiti cha karibu na mlango, mkoba wa safari miguuni, mbali na mtoto kwa makusudi. Hakuwa amejipaka mafuta siku hiyo, na kukaa tu kulimtaabisha. Lakini karafuu ya miaka haimtoki mtu kwa siku moja, nguo zake zote zilikuwa nayo. Chiriku alikuwa kwenye kona ya pili ya sebule akipanga vifuniko vya sufuria, hazungumzi.

Shemeji alisimama katikati akaanza kwa sauti ya darasani. Alisema kichocheo, alisema mwitikio. Mama alimsikiliza kwa adabu, akiitikia kwa kichwa kama mtu anayesomewa barua ya serikali. Dada uvumilivu ulimwishia.

"Mama, alikuwa anamlisha shubiri," alisema. "Anamnusisha mafuta yako, anamlisha shubiri. Ili akuonee kinyaa."

Mama aliitazama mikono yake, ile iliyochubuka kwa sabuni. Aliigeuza akaitazama na viganja.

"Ungeniambia tu, baba," alimwambia mkwewe. "Ningeondoka."

Shemeji akainama kidogo, kama kawaida yake. Kule kuinama kulinichefua kuliko kitambaa chenyewe. Alisema mama asiwe na wasiwasi, mambo yatakuwa sawa sasa hivi. Akaenda jikoni akarudi na kikombe cha asali na kijiko, kitambaa amekitia kwenye mfuko wa shati, akachuchumaa mbele ya mwanawe.

"Malkia wangu," akamwambia kwa ile sauti yake ya upole, "fungua mdomo."

Kitambaa kilikuwa bado mfukoni, ndani ya plastiki yake. Asali ilikuwa bado mbali na midomo. Chiriku alikitazama kijiko, akamtazama baba yake usoni, akatapika. Yote yaliishia kwenye shati jeupe. Shemeji alimeza mate, akajaribu kucheka, akasogeza kijiko tena na kusema ni asali, malkia, ni tamu. Mtoto aliposikia malkia alijikunja akatapika tena, na safari hii hakikutoka kitu ila mate.

Shemeji alisimama na kijiko chake. Alisema harufu haijatolewa, kwa hiyo haiwezekani. Alisema hivyo mara mbili, akitutazama mmoja mmoja kana kwamba tumemficha jibu. Mwenyewe ndiye aliyetufundisha kwamba anayejifunza hamuulizi mwalimu ashike kipi aache kipi, anabeba vyote alivyovikuta: mkono, kijiko, sauti, jina. Sikumkumbusha. Asali ilikuwa inamchuruzika kwenye kiganja, matapishi yanamtiririka kifuani, na niliona nikifungua mdomo nami nitatapika.

Dada alikwenda kuchota maji. Chiriku alibaki amesimama peke yake, kidevu kimechafuka, akitafuta pa kwenda. Alimpita baba yake kwa mbali, akishika ukuta, akaelekea mlangoni kwa bibi yake. Katikati ya njia akasimama. Harufu ilikuwa imemfikia. Tuliona uso wake ukijikunja na koo likipanda na kushuka. Mama hakunyoosha mikono. Aliificha nyuma ya mgongo ili asimtishe.

Chiriku akabana pua kwa vidole viwili. Akamalizia hatua zilizobaki, akapanda mapajani kwa kusaidiwa na kiti.

"Bibi, unanuka," alisema kwa sauti ya puani.

"Najua, mama," bibi yake akamjibu.

Mtoto akamlalia kifuani, pua ameibana vile vile, na kwa mkono wa pili akalitafuta sikio.