Deni la Kumtoa Hamido

Sumaia alikuwa ameingiza nusu ya mwili wake ndani ya friza, akisugua pembe za chini kwa majivu na ndimu, aliposikia pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya ua. Hakutoka. Alibaki ameinama humohumo, kumbi la nazi limekazwa mkononi, pumzi ameibana, akisikiliza. Pikipiki ilisimama kwa jirani, ikaguruma, ikaenda zake. Ndipo akajitoa, jasho likimtiririka, akamwona mumewe Hamido amesimama nyuma ya mlango wa jikoni, viatu mkononi.

"Imepita," alimwambia.

"Nimesikia," alijibu Hamido, lakini viatu hakuvivaa.

Ndivyo walivyoishi tangu Hamido arudi kutoka kambini. Alikuwa fundi cherehani, mtu wa kukaa kibarazani tangu asubuhi na utepe shingoni, akiwatania wapita njia. Siku moja alitoka nje ya mji wa Mocímboa kuchimba muhogo wao, askari wakamkuta njiani na gunia kichwani. Walimwuliza muhogo wote ule ni wa kumlisha nani. Akasema ni wa nyumbani. Hawakumsadiki, kwa maana watu wa porini, wale waasi, nao hula. Wakamtia katika kontena la chuma wanamofungia watu kambini kwao. Alipotoka humo mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka, wala hakumwambia mkewe walimfanya nini.

Kumtoa kulitaka fedha. Mamudo, mwenye duka la mchele na saruji, ambaye askari hukaa kibarazani pake wakinywa soda, alisema yupo mkubwa mmoja anayeweza kuzungumzika. Akatoa fedha yeye, akaipeleka yeye, Hamido akarudi nyumbani. Deni likawa la Mamudo, na kila mwezi liliongezeka kama tumbo la mja mzito.

Mamudo hakuwa mtu wa kutukana wala kupiga kelele. Alikuja asubuhi moja, akakikataa kiti, akasimama katikati ya ua akicheza na funguo zake.

"Mimi nangoja tu, dada Sumaia. Mimi ni mtu wa hapa, nawajua. Lakini yule mkubwa haachi kuniuliza: yule fundi cherehani, mambo yake yamekwisha? Sasa nimwambie nini?"

"Mwambie tunalipa, kaka Mamudo."

"Nimekwisha kumwambia. Siku hizi hilo haliulizi tena. Siku hizi ananiuliza kama bwana wako ni mtu mwema kweli."

Alipokwenda zake, Sumaia alikaa chini palepale alipokuwa amesimama. Siku ileile akaanza kuuza vitu.

Walianza na vile ambavyo, waliambiana, havikuwa na kazi. Friza ilikuwa imekufa. Walipokimbia vita waliiacha ikifanya kazi, waliporudi waliikuta waya wake umekatwa, na tangu hapo haikuwa na faida ila kuficha mchele usiliwe na panya. Ikanunuliwa na Madalena, mwanamke wa kutoka bara, aliyekimbilia mjini na wanawe na sasa anapika maharage ya kuuza karibu na soko. Akasema atawekea unga. Kikafuata kitanda cha samadari cha mama mkwe, ambacho hakuna aliyekilalia tangu mwenyewe alipofia njiani wakikimbia. Hicho alikichukua Mariamo, mchuuzi wa samaki.

Kisha vitu visivyo na kazi vikaisha.

"Uza cherehani," alisema Hamido.

"Na kazi yako?"

Hamido alinyoosha mkono wa kulia mbele yake. Wote wawili waliutazama ukitetemeka, kidole cha shahada kikirukaruka peke yake.

"Kazi gani?" akasema.

Cherehani ikachukuliwa na Alima, jirani wa ua wa pili, kwa ajili ya mkwewe. Alilipa bei ya chini na Sumaia hakubishana. Binti yao Anifa, aliyeolewa Nampula, alituma kwa simu fedha aliyojiwekea ya kujifungulia. Sumaia aliipokea, kisha akaiweka simu kifudifudi juu ya mkeka, asiione.

Bado haikutosha. Aliyeijaliza ni Latifo, mdogo wake, kitinda mimba wa nyumba yao, mkulima wa minazi kule Quionga. Alikuwa ameuza nazi za msimu mzima zingali juu mtini, na mbuzi wake pia. Aliteremka kwenye lori la mizigo na fedha imeshonwa ndani ya mshipi wa suruali, akicheka kama mtu aliyekuja harusini.

"Umepitaje kwenye vizuizi?" Sumaia alimwuliza kwa sauti ya chini. "Bilhete yako ya kitambulisho si iliungua na nyumba?"

"Nimetoa kidogo hapa, kidogo pale. Usihofu, dada. Nalala leo, kesho narudi."

Wakaenda pamoja dukani. Mamudo alihesabu, akahesabu tena, wala uso wake haukuonyesha furaha ya mtu aliyelipwa.

"Ndiyo yote?"

"Yote, kaka. Tumemaliza."

"Yote kwa mara moja." Akamtazama Latifo kuanzia viatu mpaka kofia. "Na huyu?"

"Mdogo wangu. Ametoka Quionga kunisaidia."

"Quionga ni mbali." Alizifunga noti kwa mpira, taratibu. "Mji huu watu hawana hata ya kununulia chumvi. Nyinyi mmebarikiwa. Hongereni."

Njiani Latifo alikuwa akipiga mluzi. Sumaia alimshika mkono akamwambia anyamaze. Hakujua kwa nini. Neno lile, hongereni, alikuwa bado analisikia.

Asubuhi yake, lori la kwenda Palma, njia ya Quionga, lilikuwa bado halijajaa abiria, askari wawili walipomteremsha Latifo. Hawakumpiga. Walimwambia tu alete na mfuko wake.

Kambini, Sumaia alipewa kiti. Hilo ndilo lililomtisha zaidi, kupewa kiti. Ofisa alikuwa kijana kutoka kusini, ana adabu, kucha safi, na Kiswahili hakijui. Pembeni alisimama Cassamo, shefe, mkuu wa mtaa, aliyeitwa kutafsiri Kireno, kofia yake ameishika kwa mikono yote miwili.

"Anauliza fedha imetoka wapi," alisema Cassamo.

"Tumeuza vitu vyetu. Na ndugu wametusaidia. Mwanangu wa Nampula, na huyo mdogo wangu mliyemchukua, ameuza nazi zake na mbuzi wake."

Cassamo alitafsiri. Maneno yake yalikuwa machache kuliko yale Sumaia aliyoyasema. Ofisa alitabasamu, akajibu kwa utulivu.

"Anasema kila mtu hapa anapanga foleni ya chakula cha msaada. Nyinyi mnalipa madeni. Mumeo alishawahi kuletwa hapa. Huyu mgeni amekuja na fedha kiunoni, kitambulisho hana. Anauliza nani anawatumia fedha kutoka porini."

"Hakuna! Wallahi hakuna. Mwambie deni lenyewe lilikuwa la kumtoa Hamido hapahapa. Mwambie fedha ile ililetwa humu humu ndani, akapewa mkubwa wa—"

Cassamo aliinama kama anayeokota kitu, akambana kifundo cha mkono.

"Hilo silitafsiri, mama Anifa," alinong'ona. "Ukinipenda, usilirudie. Mimi nina watoto."

Ofisa akauliza amesema nini. Cassamo akajibu neno moja. Kisha ofisa akazungumza kwa kirefu, akiandika kitu, bila kumtazama mtu.

"Anasema, kama kweli mmeuza vitu, basi wapo walionunua. Kesho atakuja kwako mwenyewe. Akiwakuta hao watu wakikiri mbele yake, mdogo wako anatoka. Ni mtu wa haki, anasema."

Sumaia alipotoka alipita karibu na kontena. Jua la mchana lilikuwa limelikalia bati lake, na ndani mtu alikuwa anakohoa. Hakuthubutu kuita jina la Latifo. Alipunguza tu hatua ili, kama ni yeye, asikie viatu vyake. Askari wa mlangoni akamwashiria apite.

Mamudo alikuwa amesimama mbele ya duka lake kana kwamba alikuwa akimngoja.

"Nimesikia, dada. Pole sana. Mambo haya yanazungumzika. Mlango wangu uko wazi, unajua."

"Ahsante, kaka," alijibu Sumaia. Alikuwa amefika mbali alipogundua kwamba amemshukuru.

Alikwenda kwanza kwa Madalena. Alimkuta akichochea sufuria ya maharage. Sumaia alieleza jambo lake, na kadiri alivyoeleza ndivyo mwiko ulivyozidi kwenda polepole, mpaka ukasimama.

"Mimi na wewe hatujauziana kitu, mama," alisema Madalena.

"Madalena. Friza si ile pale nyuma yako?"

Madalena hakugeuka. Macho yake yalikuwa yamejaa maji, labda ni moshi. "Mimi mji huu hakuna anijuaye. Wakiandika jina langu, nani atakuja kuniulizia? Wewe umekwenda kumwulizia ndugu yako. Mimi nikichukuliwa, ataniulizia nani? Hawa?" Akawaonyesha wanawe kwa kidevu. "Nenda, mama. Usisimame hapa muda mrefu."

Mariamo alijifungia ndani. Sauti ya mjukuu wake ikasema bibi amesafiri, na nyuma ya sauti hiyo Mariamo mwenyewe akamwambia aseme kwa nguvu zaidi.

Akabaki Alima. Wamekaa jirani miaka mingi, wamekimbia pamoja, wamenywa maji ya shimo moja porini. Alima alimkaribisha, akamketisha, akamshika mikono.

"Sema tu ukweli," Sumaia alimwomba. "Sema tu kwamba ulinunua cherehani. Neno moja."

"Nilinunua?" Alima aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya upole mno. "Si ulinipa nikuwekee? Nimekuwekea tu, mama Anifa."

Sumaia alimtazama. Alitafuta usoni mwake aibu, au hila, akakuta kitu anachokijua vizuri zaidi: alikuta uso wake mwenyewe, ule aliokuwa nao ndani ya friza, akisikiliza pikipiki. Akainuka bila kuaga.

Asubuhi mvua ilinyesha kubwa, ile inayofukuza watu wote njiani. Sumaia na Hamido walikuwa wamekaa chumba cha nyuma, dari ikivuja. Kwa kelele za bati hawakusikia kitu. Mvua ilipopungua, Hamido alitoka kwenda kukinga maji, akarudi akasimama mlangoni.

"Wamekuja?" Sumaia aliuliza.

"Njoo uone."

Cherehani ilikuwa kibarazani, imefunikwa kanga kuukuu. Kando yake mbao za samadari zilikuwa zimepangwa vizuri, zimeegemezwa ukutani, misumari yake imefungwa katika kitambaa. Na pale getini, matairi ya mkokoteni yakiwa yamechora matope mpaka barabarani, ilisimama friza, inatiririka maji, na ndani yake bado mna vumbi la unga. Hakuna aliyekuwa amebisha hodi. Hakuna aliyekuwa amedai fedha yake.

"Wametuhurumia," alisema Hamido. Alikuwa ameketi mbele ya cherehani, ameugusa mguu wake wa chuma kama anayempapasa mnyama. "Wameturudishia vitu vyetu, mke wangu."

"Baba Anifa," alisema Sumaia. "Tuvitoe. Tuvitoe upesi. Wakivikuta hapa, watasema hatukuuza kitu. Inuka, shika huku."

Hamido hakuelewa, kisha akaelewa. Waliishika samadari kwanza, yeye na mkono wake mmoja mzima, wakaiburuta kuelekea nyuma ya choo. Ubao mmoja ulimponyoka ukaanguka matopeni. Wakaurudia. Wakaijaribu friza, ikateleza, ikakwama kwenye dimbwi, haikwenda mbele wala nyuma. Sumaia aliisukuma kwa bega, kwa mgongo, kwa kichwa, na alikuwa bado anaisukuma gari la askari liliposimama getini.

Ofisa aliruka dimbwi ili asichafue viatu. Cassamo alimfuata. Kijana yule alizunguka ua taratibu, kama mtu anayekagua nyumba ya kupanga. Aliinua kanga akaitazama cherehani. Alifuata alama za kuburuta mpaka nyuma ya choo, akaziona mbao, akarudi. Aliinua kifuniko cha friza, akachungulia ndani, akakishusha bila kukibamiza. Hamido alikuwa amesimama na mikono juu, ingawa hakuna aliyemwamuru.

"Vendeu o quê, mamã?" aliuliza ofisa.

Cassamo alikohoa. Alikuwa anatazama vidole vya miguu yake.

"Anauliza umeuza nini."

Sumaia alifumbua kinywa. Ng'ambo ya ua, nyuma ya ukuta wa makuti, Alima alikuwa amewapa mgongo, anakamua kanga iliyoloa mvua. Aliikamua mpaka ikaacha kudondosha hata tone moja, kisha akaikunja upya, akaanza tena kuikamua.