Mkono wa Upande wa Kushoto

Kwanza uelewe jambo la mkono, maana bila hilo hutaelewa kwa nini mwanamke yule alikataa kubonyeza kitufe mbele ya umati mzima.

Kwenye bustani ya michezo walikuwa wamejenga treni mpya ya kupanda na kushuka. Siyo zile za zamani zinazovutwa na mnyororo polepole, mtu ukapata nafasi ya kutubu. Hii ilifyatuliwa. Sumaku zilizopangwa katikati ya reli ziliikamata ikiwa imesimama tuli, zikairusha, na kabla abiria hajamaliza kuita mamake yuko kileleni, tumbo kaliacha chini. Kwenye bango iliandikwa jina refu lenye madoido. Wafanyakazi waliiita Manati, na Manati ndilo jina lililoshika.

Mhandisi mkuu wa Manati alikuwa mzee mkavu asiyependa maneno, na alikuwa na sheria zake mbili. Ya kwanza ni kwamba siku ya ufunguzi treni ya kwanza hapandi mgeni rasmi wala mwandishi wa habari. Wanapanda ndugu wa wafanyakazi. "Kama huthubutu kumpandisha mama yako," alisema, "usimpandishe mama wa mwenzako."

Ya pili ndiyo hiyo ya mkono. Kila upande wa treni anasimama mtu mmoja. Anapita kiti kwa kiti, anakisukuma chuma cha mapajani kwa kiganja mpaka kigome, kisha anakivuta juu kuona kama kitaachia. Akimaliza vyote anarudi kwenye alama yake sakafuni na kuinua mkono. Taa ya kijani kwenye kibanda cha kuendeshea treni ni ya mashine, inasema tu kwamba chuma kimejifunga. Mkono ni wa mtu, unasema mimi nimegusa. Mikono miwili isipoinuka, hakuna kubonyeza. Na atakayeinua mkono kwa kiti ambacho hakukigusa, mzee alisema, asisubiri kikao wala barua. Avue kizibao chake cha kazi, aende zake.

Mwanamke aliyekaa kibandani walimwita Swichi, kwa sababu kitufe kilikuwa chake. Upande wa kulia wa treni alisimama msichana mmoja mwepesi wa miguu. Upande wa kushoto alisimama mumewe Swichi, ambaye kila mtu alimwita Mpole.

Mpole alikuwa amekaa bila kazi muda mrefu, muda wa kutosha mtu kuacha kuzungumza mezani. Swichi ndiye aliyekwenda kwa mzee akasema, "Mchukue, mimi namdhamini." Mzee akamchukua. Tangu hapo Mpole alirudi kuwa yule wa zamani, hata mluzi wa bafuni ukarudi. Kazini hakuna aliyemshinda kwa uangalifu. Kiti alikirudia mara mbili, wenzake wakamtania kwamba anavibembeleza vyuma.

Sasa siku ya ufunguzi, kwenye kiti cha mbele kabisa cha upande wa kushoto, alikaa mama yake Swichi.

Mama huyo alikuja amependeza utadhani anakwenda kuposwa upya, na mtandio mpana umemfunika mpaka magotini. Alikuwa mwembamba, ukimshika mkono unakutana na mfupa moja kwa moja, lakini ulimi wake ulikuwa na afya tele.

"Mama, mkoba unauacha kwenye sanduku pale," Swichi alimwambia mlangoni.

"Nimesikia. Mimi si mtoto."

Na Swichi, kwa haraka za siku ile, hakugundua kwamba mama alisema amesikia tu. Hakusema atauacha.

Kuna pia jambo la mkwe. Mpole na mama mkwe wake waliheshimiana mpaka ikawa taabu. Tangu ndoa hawajawahi kupeana mkono. Mama akiingia sebuleni, Mpole anakumbuka ana kazi uani. Akimletea maji anaweka bilauri mezani na kurudi nyuma, mama ajichukulie mwenyewe. Ugomvi hakuna kabisa. Kila mmoja akimsifu mwenzake utadhani kalipwa, ilimradi mwenzake hayupo. Swichi alizoea kuwacheka. Hajawahi kufikiri kwamba jambo la kuchekesha namna ile lingekuja kumtoa jasho.

Kupitia kioo cha kibanda alimtazama mumewe akianza kiti cha nyuma. Anasukuma, anavuta, anasogea. Anasukuma, anavuta, anasogea. Mikono haikukosea. Akafika kiti cha mbele, akasimama.

Aliinama kidogo, mikono kaiweka nyuma, akasema neno. Mama akatabasamu. Akajivutia chuma mwenyewe, akakipigapiga juu kama anafunika sufuria. Mpole akaitikia kwa kichwa. Hapo hapo mpiga picha akapita mbele ya kioo na begi lake mgongoni, akajaza dirisha lote. Alipoondoka, Mpole alikuwa tayari kwenye alama yake.

Taa ilikuwa ya kijani. Msichana wa kulia alikuwa ameinua mkono. Mpole naye alikuwa ameinua mkono.

Kidole cha Swichi kilikuwa juu ya kitufe, na hakikushuka.

Labda alikigusa wakati mpiga picha anapita. Alijiambia hivyo, labda alikigusa. Lakini humjui mumeo? Anamjua, ndiyo shida yenyewe. Mtu ambaye miaka yote hajathubutu hata kumpa mama bilauri mkononi, leo ndiyo atamkandamiza mapaja mbele ya kadamnasi? Halafu siku zote za majaribio, Mpole akiinua mkono alimtazama mkewe machoni. Leo alikuwa anatazama viatu vyake.

Redio ikakwaruza. "Swichi," ilisema sauti ya mzee kutoka chini, alikosimama na wageni. "Tunangoja nini?"

Aliogopa. Tusimpambe, aliogopa kweli. Pale kileleni treni ikipinduka kwenda chini kila mwili unanyanyuka kitini, na kinachourudisha ni chuma kile tu. Akibonyeza na chuma hakijakaza, mama hatarudi kitini. Akisema redioni kwamba kiti cha mbele hakijakaguliwa, ameshamfukuzisha kazi mume wake kwa mdomo wake mwenyewe, tena mbele ya kamera. Na kama alikigusa kweli? Basi atakuwa amemwita mwongo mbele ya dunia nzima kwa ajili ya wasiwasi wake.

Chini watu walianza kupiga makofi ya kuharakisha.

"Swichi."

"Upepo, mzee," alijibu. "Nautazama kwanza."

Juu ya paa kibendera cha kupimia upepo kilikuwa kimenyongonyea kama soksi kwenye kamba ya nguo, na kila mwenye macho alikiona.

"Haya," mzee alisema mwishowe. "Utazame."

Swichi alichomoa ufunguo wa mashine, akauvaa shingoni, akatoka. Ufunguo ukiwa shingoni mwake treni ile haiendi popote, hata aje nani. Alitembea bila kukimbia, maana akikimbia yeye abiria wote wataruka. Mpole bado alikuwa ameinua mkono.

"Shusha mkono," alimwambia chinichini.

"Nimeshakagua."

"Shusha, baba watoto."

Mkono ukashuka.

Mama alimwona bintiye anakuja, akakunja uso. "Vipi tena? Mkwe wangu keshamaliza huku, kazi yake safi."

"Najua, mama. Niache kidogo tu."

Aliweka viganja juu ya chuma, akasukuma. Kikashuka kwa urahisi, tik, tik, kikagota kitu laini. Chini ya mtandio. Swichi akaingiza mkono, akavuta, na mkoba ukatoka, mnene, umeshiba. Kati ya chuma na mapaja ya mama ilibaki nafasi ya kutosha kumpitisha mtoto wa shule na madaftari yake. Taa ingejuaje? Taa haijui paja wala mkoba.

"Humo mna miwani yangu na funguo za nyumba," mama alinong'ona. "Ningemwachia nani?"

Swichi hakumgombeza. Alimgeukia mumewe, akamkuta kapauka kama aliyemwagiwa unga. Angeweza kukifunga chuma yeye mwenyewe na kuyamaliza. Lakini mkono ni wa aliyegusa, na yeye alikuwa na kitufe, hakuwa na mkono.

"Njoo ufunge," alimwambia.

"Siwezi."

"Kwa nini huwezi?"

"Ni mama yako. Nitamshikaje?"

"Hivyo hivyo unavyowashika wengine."

Mpole hakusogea. Makofi ya chini yalikuwa yamegeuka miluzi. Mama akamtazama bintiye, akamtazama mkwewe, akatazama mkoba, na akili yake ilikuwa nyepesi kuliko mwili. Akaelewa.

"Mficha uchi hazai, baba," alisema. "Njoo unifunge."

"Uniwie radhi, mama," Mpole alisema.

"Radhi unazo. Funga."

Akaja. Aliweka viganja vyote viwili akasukuma kwa uzito wa mwili wake wote, mpaka mama akaguna, "Taratibu, mimi si gunia." Akavuta juu. Akavuta tena. Chuma hakikutikisika. Kisha, bila kuambiwa na mtu, alirudi kiti cha nyuma kabisa na kuanza upya, anasukuma, anavuta, anasogea, mpaka akafika tena mbele na kumkandamiza mama mara nyingine. Alipoinua mkono safari hii alimtazama mkewe machoni, na macho yake yalikuwa yamelowa.

Swichi alirudi kibandani, akarusha mkoba mezani, akachomeka ufunguo, akabonyeza.

Manati ikafyatuka. Sakafu ilitetemeka, kelele za abiria zikapanda pamoja na treni, na treni ikapanda kama imekosea njia, inakwenda mbinguni. Swichi hakutazama kitu kingine, alitazama kiti cha mbele. Kileleni miili yote ilinyanyuka. Aliuona mwili mdogo wa mama ukinyanyuka nao, mtandio umepepea nyuma, ukakutana na chuma, ukatulia pale pale. Treni ikateremka. Hapo ndipo alipokumbuka kuvuta pumzi, na alipoivuta ilitoka na kilio ambacho alikimeza haraka, maana mzee alikuwa anapanda ngazi.

Mzee aliingia kibandani bila kubisha hodi. Alitazama kioo, alitazama kibendera juu ya paa.

"Upepo wako umetulia?"

"Umetulia, mzee."

"Na mkoba huu?"

Ulikuwa hapo mezani, katikati ya swichi, umekaa kama shahidi. Swichi alifungua mdomo. Uongo ulikuwa tayari na wala haukuwa mgumu: ni wangu. Mwanamke na mkoba wake, nani atauliza zaidi? Mzee mwenyewe alikuwa kama anaungoja uongo huo ili aondoke nao.

"Ni wa mama mkwe," ilisema sauti mlangoni.

Mpole alikuwa amesimama pale, kizibao kimekunjwa vizuri mkononi. Treni ilikuwa imeshaingia, abiria bado wanacheka na kupiga kelele, na msichana wa kulia alikuwa anafungua pande zote mbili peke yake.

"Kiti cha mbele sikukigusa, mzee. Niliona haya. Nikainua mkono."

"Vingine ulivigusa?"

"Vyote. Mara mbili."

"Najua," mzee alisema. Akajikuna shingo. "Haya za mkwe nazijua, hata mimi nina mkwe. Lakini..." Hakumalizia, na hakuna aliyemtaka amalizie. Alinyoosha mkono, akapokea kizibao.

Swichi aliinuka. Alitaka kusema kwamba amemdhamini, na kwamba mtu huyu ndiye mwangalifu kuliko wote hapa, tena mbona amerudia treni nzima bila kuambiwa. Mpole akamtikisia kichwa.

"Usinitetee," alimwambia. "Ungebonyeza, ningekuwa nimemuua mama yako kwa heshima."

Akashuka ngazi. Mluzi hakupiga.

Mzee naye akatoka, akamwita mtu mwingine aje upande wa kushoto. Swichi alibaki ameshika ukingo wa meza, ana hasira na hajui amkasirikie nani: mzee, mumewe, mama na funguo zake, au yeye mwenyewe aliyecheka miaka yote. Kwamba mama yu hai ilimfanya afurahi mpaka akaona aibu kwa furaha hiyo.

Ndipo mama alipotokea mlangoni, nywele zimesimama, mtandio begani kama kamba, anahema na kucheka kwa pamoja.

"Lete mkoba wangu. Na mkwe wangu yuko wapi? Namtafuta huko, simwoni." Alijipapasa mapaja. "Alivyonibana yule kijana, huko juu nilipoachwa hewani nikasema, aa, huyu leo kanishika kama mama yake wa kumzaa. Nataka nimpe mkono."

Swichi alitazama nje. Kwenye njia ya kwenda getini, kati ya watu wanaokuja mbio kushika foleni, mtu mmoja alikuwa anakwenda kinyume, shati limelowa mgongoni.

"Yule kule," alisema. "Mkimbilie, mama. Bado hajafika getini."

Mama akamtazama usoni, na kicheko kikamwisha. Aliuacha mkoba pale pale mezani, na miwani na funguo zake, akashuka ngazi kwa haraka ambayo hakuwa nayo kwa miaka, mkono wa kulia tayari ameunyoosha mbele.

Swichi hakuona kama alimfikia. Abiria wapya walikuwa wamekaa. Taa ikawa ya kijani, mikono miwili ikainuka, naye akautazama ule wa kushoto, wa mtu mgeni, kabla ya kubonyeza.