Naona, Ila

Kuna kisa kimoja cha Injili ambacho kwa miaka mingi kilikuwa kinanikera, nacho ni kile cha kipofu aliyeponywa mara mbili. Wengine waliguswa mara moja tu wakaenda zao wakirukaruka. Huyu, Yesu alimshika mkono akamtoa nje ya kijiji, akamtemea mate machoni, akamwekea mikono, halafu akamuuliza kama anaona kitu. Akajibu kwamba anaona watu, lakini kama miti inayotembea. Ikabidi awekewe mikono tena. Mimi kazi yangu ni kupima macho na kuuza miwani. Mteja akinirudia kuniambia haoni sawasawa, ujue nimeharibu. Sasa nilikuwa najiuliza, Bwana naye aliharibu wapi?

Na kama kwa makusudi, nikapangiwa kukifafanua kisa hichohicho kwenye kikundi chetu cha kusoma Biblia, siku ya Alhamisi. Mpaka Jumatatu sikuwa na la kusema.

Jumatatu hiyo asubuhi nilimpima baba.

Baba alikuwa fundi cherehani maisha yake yote. Jicho lake la kushoto lilikufa angali kijana. La kulia liliingiwa na mtoto wa jicho, na mwezi uliotangulia likapasuliwa. Bandeji ilipotolewa aliona mwanga, akalia kama mtoto, na Jumapili iliyofuata akasimama mbele ya kanisa zima kushuhudia kwamba Mungu amemfungua macho. Akina mama walipiga vigelegele mpaka mchungaji akaomba utulivu. Tangu hapo, ukimuuliza baba anaonaje, jibu lilikuwa moja: "Naona vizuri sana, Mungu ni mwema."

Daktari alikuwa ameniita pembeni akanionya. Jicho lile linaweza kuvimba kwa ndani. Mgonjwa akianza kuona ukungu arudishwe upesi, maana akichelewa ndiyo basi tena. Na baba hakuwa na jicho jingine.

Nikamkalisha kwenye kiti mbele ya ubao wa herufi, nikaliziba jicho la kushoto kwa mazoea tu, kwani hata lingeachwa wazi lisingetusaidia kitu. "Haya baba, anzia juu."

Akashuka na herufi bila kukwama, mstari wa kwanza mpaka wa nane, hata zile ndogo ambazo mimi mwenyewe huzikodolea macho. Furaha ikaanza kunipanda, kisha ikasita. Katika kazi hii nimeshaona mengi. Nimepima madereva waliokariri ubao mzima wapate leseni. Na baba hushinda kwenye benchi langu kila siku akingoja nifunge duka, akiwasikia wateja wakisoma herufi zilezile kwa sauti.

Nikaugeuza ubao. Upande wa pili una herufi nyingine kabisa.

"Hebu rudia, baba."

Akarudia. Zilezile za mwanzo, na kwa madaha.

Mimi si mtu wa subira, na moyo ulinichemka. Nilitaka kumwambia, unanidanganya mimi, mwanao, ndani ya duka langu? Lakini mdomo ukatoa swali ninalowauliza watu siku nzima, mpaka silisikii tena.

"Baba, unaona kitu?"

Lilikuwa swali lilelile. Nilikuwa nimelisoma mara kumi wiki ile nisilione, kwa kuwa macho yangu yalikuwa kwenye yale mate na ile miti.

"Baba," nikasema, "hivi ndivyo Yesu alivyomuuliza yule kipofu."

"Najua. Nilikisoma kisa hicho wewe hujazaliwa."

"Na kipofu alimjibu nini?"

Vidole vyake vikaanza kupapasa upindo wa shati, kama anatafuta mshono uliofumuka. "Mama," akasema. Huniita hivyo kwa kuwa nimerithi jina la mama yake. "Nimesimama mbele ya watu wote wale nikasema Mungu amenifungua macho. Leo niseme sioni? Nitakuwa nimemfanya Mungu nani?"

Kumbe baba alikuwa anamfichia Mungu aibu. Alikuwa tayari kupofuka kimyakimya ili jina la Mungu lisichafuke. Hasira zangu zote zikaniishia palepale.

Sisi ndivyo tulivyo. Ukituuliza habari, tutasema nzuri kwanza, hata kama paa linaungua. Nzuri, ila mtoto amelazwa. Sijambo, ila sijalala siku ya tatu leo. Mwenye haraka akiondoka kabla ya hiyo ila, hajajua kitu. Na yule kipofu alisema, naona, ila. Aliyasema hayo mbele ya Yesu mwenyewe, mate hayajamkauka usoni. Naye aliyeyaumba macho hakukasirika wala hakuwa na haraka. Aliuliza, akangoja jibu, na jibu lilipokuja na kasoro yake akainua mikono mara ya pili.

Niliogopa, hofu ile ya kutaka kuvua viatu, kama mtu aliyejikuta mahali patakatifu. Nikazikumbuka sala zangu za miaka yote, zimejaa asante na amina, hazina hata ila moja.

"Baba, yule kipofu hakumwaibisha Yesu," nikasema. "Alimwambia kweli, na mikono ikarudi."

Mteja alichungulia mlangoni, nikamwashiria aende. Kisha baba akanigeuzia uso.

"Naona, mama. Ila wewe nakuona kama gauni lililotundikwa kambani, upepo unalipeperusha. Uso siupati. Wiki ya pili sasa."

Nilifunga duka palepale, saa nne ya asubuhi, nikamrudisha hospitali. Daktari hakufoka. Alimdunga sindano, akampa matone, akatuambia kwamba tungechelewa kidogo tu tungekuwa tunazungumza mengine. Alhamisi sikufafanua chochote. Baba alisimama mwenyewe, ameshika mgongo wa kiti, akawaambia: "Nilishuhudia kwamba naona. Bado naona ukungu. Niombeeni." Hakuna aliyepiga kigelegele. Mzee wa kanisa, mtu mkavu ambaye hatujawahi kumsikia akikosa neno, alifungua kinywa aombe, akasema "Bwana, naamini, ila," akashindwa kuendelea. Tukakaa naye katika kimya kile, na hakuna aliyetaka kukivunja.

Wiki tatu baadaye nikampima tena, kwa herufi ambazo hajawahi kuzisikia. Akasoma mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wa nne alibabaisha. "Huu wa tano siuoni," akasema waziwazi, nami nikamshukuru Mungu kwa jibu lile kuliko ambavyo ningemshukuru kwa mistari yote minane.

Nikainama kuandika. Nilipoinua kichwa, alikuwa ameuacha ubao, ananitazama mimi. Akanyoosha mkono mpaka kwenye nywele zangu, juu ya sikio.

"Mama," akanong'ona, "kumbe una mvi!"

"Nyingi, baba."

Akaendelea kunitazama, nami sikuthubutu kusogea.