Kasoro ya Sita

Programu ile ilikuwa ya bure, na kwa bosi neno hilo lilimaliza mjadala. Madereva walimwita Mzee wa Bure, akiwa hayupo, maana heshima ni kitu muhimu. Aliiona kwenye simu akiwa kwa kinyozi, na kabla nywele zake hazijafagiliwa, kampuni yake ya malori ilikuwa imeshaingia kwenye dunia ya kisasa.

"Makaratasi basi," alimwambia karani wa usalama, mama ambaye wote walimwita Bi Daftari kwa sababu ya daftari lake la ukaguzi, lililojaa alama za vidole vyenye grisi. "Kila lori, kila kosa, kila ukaguzi, vyote humu. Lori zima, kijani. Lori bovu, jekundu, halitoki. Hata mtoto anaelewa."

Bi Daftari alielewa, tena upesi kuliko huyo mtoto. Programu ya bure ilipokea kasoro tano tu kwa kampuni nzima. Ukitaka kuingiza ya sita, ama ulipie, ama ufunge mojawapo ya zile tano. Bila shaka walioitengeneza walizoea malori yenye adabu. Ya hapa yalikuwa kumi na moja, na adabu hayakuwahi kuwa nayo tangu yanunuliwe.

Jumatatu nafasi zote tano zilijaa kabla ya chai. Jumanne kioo cha pembeni cha lori namba tisa kikavunjika. Bosi akaketi mwenyewe kwenye kompyuta, akatafuta kasoro iliyokaa muda mrefu kuliko zote, akaifunga, akaingiza kioo chake.

"Ile ilikuwa imezeeka," alisema, ameridhika.

Iliyozeeka ilikuwa breki ya nyuma ya lori namba nne, lililoegeshwa wiki tatu likisubiri kipuri. Sasa likageuka kijani pale pale, bila fundi kushika hata spana. Teknolojia hiyo.

Dereva wa namba nne alikuwa mdogo wake Bi Daftari. Mama yao alifariki mdogo huyo akiwa bado ananyonya, na dada ndiye aliyembeba mgongoni, akamsomesha, akamtafutia kazi hii. Jumatano asubuhi alimkuta yuko kwenye usukani, injini inaunguruma, saruji imejaa hadi juu. Njia yake ilipita kwenye mteremko wa machimbo.

"Usiondoke mpaka nirudi," alimwambia, akakimbilia ofisini.

"Bosi, namba nne lisitoke. Breki haijatengenezwa."

Bosi akamgeuzia skrini. "Hiyo rangi gani?"

"Kijani."

"Sasa wewe unabishana na kompyuta?"

Kabla hajajibu, mlango ukafunguliwa. Akaingia mama mzazi wa bosi, amevaa vizuri, kikapu mkononi.

"Mwanangu, uliniahidi lifti kwenda kwa dada yako. Lori gani linapita machimbo leo?"

"Namba nne, mama," Bi Daftari akawahi. "Kimbia ukapande, limeshawashwa. Tena ni la kijani kabisa, mwenyewe bosi amehakikisha."

"Ahsante, mwanangu." Bibi akageuka.

"Mama, ngoja kwanza!" Bosi alikuwa amesimama. "Hilo... hilo lina mzigo mzito."

"Lori lisibebe mzigo libebe nini?"

Bosi akaitazama skrini, akamtazama mama yake. Bi Daftari alifungua daftari kwenye ukurasa wa namba nne, akaweka kalamu juu yake. Bosi akainama, akaandika kwa mkono wake mwenyewe: breki ya nyuma mbovu, lisitoke. Akatia sahihi.

Mama yake alivaa miwani, akasoma polepole.

"Kumbe ulijua," alisema. "Na huyo aliyekaa kwenye usukani, yeye hana mama?"

"Hana, mama," alisema Bi Daftari. "Ana mimi tu." Akachukua daftari lake, akatoka uani kumwambia mdogo wake azime injini.