Ndoo ya Simu Mlangoni

Asubuhi, kabla ya kipindi cha kwanza, wanachuo walipita mlangoni wakitumbukiza simu zao kwenye ndoo ya rangi. Ndivyo alivyotaka mkufunzi Gelasius, katika chuo kimoja cha ualimu pale Mpanda: simu ndani ya ndoo, mtu ndani ya darasa. Ya kwake ilikaa mezani, imewashwa, maana alikuwa na shamba la mpunga Usevya na vibarua hawaishi maswali. Wanasema sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Huu wa Gelasius ulikata mbele tu.

Somo lilipoanza, Mama Vestina alipiga hodi kwa sauti ndogo, akaingia, akakaa benchi la nyuma karibu na dirisha. Alikuwa amefariki tangu msimu wa kupanda tumbaku.

Nyoka alimgonga shambani, Katumba. Akampigia binti yake, Vestina, aliyekuwa humu darasani. Simu ikatetemeka ndani ya ndoo, ikatulia, ikatetemeka tena. Vestina aliijua kwa kukoroma kwake, akasimama kuomba ruhusa.

"Kaa chini," Gelasius alisema. "Hata kwenu kukiungua, kuungue na wewe ukiwa umesoma."

Darasa likacheka. Mchana, Vestina alipopiga, alipokea baba mdogo Pontien, na Pontien alikuwa analia.

Tangu hapo mama alikuja mwenyewe. Hakuna aliyeshangaa, simu isipopokelewa, mtu hufunga safari. Alikuja na kitenge kile kile, vidole vyeusi kwa utomvu wa tumbaku, na simu ya mwisho ikishatoka kwenye ndoo, hayupo. Gelasius alimuuliza mara moja tu kama ana simu.

"Nimeiacha kwa shemeji, mwalimu."

"Basi karibu, mama. Ila kimya."

Vestina alitaka jambo moja tu duniani: kujua mama alipiga aseme nini. Roho haikutulia. Mguu ulicheza chini ya meza mpaka jirani akalalamika, kalamu alizitafuna zote. Mwisho akahamia benchi la nyuma, akanong'ona.

"Mama, siku ile ulinipigia. Ulitaka kuniambia nini?"

"Shii! Mwalimu anafundisha." Mama akasogea pembeni. "Nimelima tumbaku mpaka mgongo umepinda ili wewe ukae humu. Usinitie aibu."

Lakini alinyoosha mkono. Kila alipokuja aliunyoosha, akangoja, na Gelasius akamjibu bila kugeuka kutoka ubaoni, "Maswali mwishoni, mama." Mwishoni simu ya Gelasius iliita. Jamani, hiyo simu ilikuwa haikosei saa!

Alhamisi ikaita tena. Gelasius akatoka nayo barazani. Kengele ikalia, watu wakaivamia ndoo, kila mmoja na yake, wakatawanyika kwenda kutafuta chai. Monita wao, Recho, akainama akatoa iliyobaki.

"Vestina, yako hii."

"Iache humo."

"Itaibiwa, shauri yako."

"Iache, Recho! Nimesema iache."

Recho akairudisha, akaenda zake. Darasa likabaki na viti. Mama alikuwepo bado, mkono juu.

Vestina akapiga magoti mbele yake, kama wanavyofanya kwao kwa mkubwa.

"Mama, wameondoka wote. Niambie sasa. Hili jambo linaniua."

Mama akamtazama kwa huruma, machozi yakamlengalenga. "Hata mimi limenikaba hapa kooni, mwanangu," akasema. "Lakini mwalimu hajaniruhusu."

Barazani Gelasius alikuwa anatembea huku na huku, anacheka, anauliza kama mvua imeshuka Usevya na nani kaachia ng'ombe kwenye mpunga wake. Vestina akaketi kando ya mama yake. Wakamsubiri. Baada ya muda mama akabadilisha mkono, wa kulia ulikuwa umechoka.